Kiti cha Dokta Kaanaeli

Hapo zamani, na zamani yangu si ya mbali, ni ile ambayo waliokuwapo bado wana meno kinywani, ingawa meno yenyewe ni ya kahawia. Msicheke. Meno ya watu wa nchi ile hayakuharibiwa na tumbaku wala na uvivu wa mswaki. Yaliharibiwa na maji. Maji yao hutoka mlimani, baridi, meupe, matamu, na ndani yake mna madini yanayoitwa floraidi, ambayo hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Mtoto akiyanywa akiwa mdogo, meno yake ya ukubwani huharibika yangali ndani ya ufizi, kabla hata hayajaota. Akizidi kuyanywa, miguu hupinda. Akizeeka nayo, mgongo hufunga, akawa anatembea akitazama chini mpaka siku ya kuzikwa.

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitauliza swali, na aliyesinzia asinijibu.

Katika nchi hiyo palikuwa na chuo kikuu, na katika chuo hicho palikuwa na watu wanne waliokuwa wakichoma mifupa. Wachawi? Hata. Madokta. Madokta wa vitabu, wale ambao ukiwapelekea mtoto mwenye homa wanakwambia pole, mpeleke hospitali. Walikuwa wakijua kwamba mfupa wa ng'ombe ukichomwa taratibu kwenye hewa kidogo hugeuka mkaa, na mkaa huo ukisagwa chengachenga, ukajazwa kwenye ndoo, ukapitishiwa maji, hunasa yale madini na kuyaacha maji salama. Lakini mkaa nao hushiba. Ukishiba lazima utupwe uwekwe mwingine, la sivyo maji hupita na uchafu wake, na mnywaji hatambui kitu, kwa sababu ladha ni ile ile.

Wa kwanza wao alikuwa Kaanaeli, mwana wa nchi ile ile. Mama yake alikuwa amefungwa mgongo na maji, akitaka kukutazama usoni sharti akae kwanza. Kaanaeli alisoma kwa hasira ya mgongo huo. Wa pili alikuwa Mwanakombo, mkemia kutoka Pwani. Huyu ndiye aliyekijua kiasi cha moto: ukizidi, mkaa huwa mweupe na hauna kazi, ukipungua, maji hunuka mzoga. Na ni yeye aliyekuwa akishinda machinjioni kuhakikisha kila mfupa ni wa ng'ombe aliyechinjwa kihalali, ili Mwislamu na Mkristo wote wanywe bila kinyongo. Wa tatu alikuwa Rwezaura, mhandisi, mtu wa Bukoba, aliyejenga tanuri kwa mikono yake, tofali kwa tofali. Wa nne alikuwa Lomayani kutoka nyikani, ambaye udaktari wake ulikuwa umekamilika bado kuvishwa joho tu. Kazi yake ilikuwa watu. Ninyi mngekubali kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa? Basi na wao hawakukubali. Lomayani alikwenda boma kwa boma, nyumba kwa nyumba, akajaza kikombe, akanywa wa kwanza mbele yao, akangoja wamtazame kama ataanguka.

Sasa niwaeleze jambo moja la wasomi. Mtu akishapata shahada ya uzamivu, mnadhani amefika? Ndiyo kwanza yuko mlangoni. Mbele yake kuna kitu kinaitwa nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu. Anayeipata hupewa maabara, mshahara na jina lake mlangoni, na akimaliza vizuri huwa mhadhiri. Anayeikosa hurudi kwao na joho lake kwenye mfuko wa nailoni, watu wakamwita dokta kwa kumtania. Chuoni pale, kwa kazi ile ya maji, nafasi ilikuwa moja, na mwenyewe alikuwa Kaanaeli. Wale watatu walijishikiza kwake wakingoja nyingine zitangazwe, na zilikuwa hazitangazwi.

Na walikuwa wakila wapi? Kwa Namsifu.

Huyu Namsifu ndiye nitakayekaa naye karibu katika hadithi hii. Alikuwa mke wa Kaanaeli, mwalimu wa shule ya msingi. Watoto wa darasa lake, ukiwachekesha, walicheka huku wameziba midomo kwa viganja. Alikuwa na binti mdogo, Nakiete, ambaye alikuwa hajaanza shule. Kila Jumamosi Namsifu alipika sufuria la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, akalipeleka kwenye banda la tanuri, na wale wanne wakala kutoka sahani moja, Mpwani na Mhaya wakilalamika maziwa yamechacha mno, kisha wakiongeza. Namsifu aliwapenda. Niseme wazi, wale watatu aliwapenda kama wadogo zake.

Tanuri lilikuwa na mwiko wake. Kila mtu wa nchi ile ya baridi anajua kwamba jiko la mkaa halilaliwi nalo chumbani. Hewa yake haina harufu. Inakubembeleza ukidhani ni usingizi, na asubuhi watu wanavunja mlango. Tanuri la mifupa lina hewa hiyo hiyo, tena tele. Kwa hiyo wale wanne walijiwekea sheria: tanuri likiwaka, mtu asiwe peke yake. Mmoja wa ndani, mmoja wa nje. Wa nje amwite wa ndani kwa jina, wa ndani aitike. "Kaanaeli!" "Nipo!" "Kaanaeli!" "Nipo!" Asipoitika, wa nje asiulize mara ya pili, aingie amburute. Na milango ya banda ikae wazi, masika na kiangazi. Namsifu alipopeleka chakula alizoea kusikia majina yakiitwa kabla hajawaona waitaji.

Ikaja siku ya mahafali. Mahema yalisimikwa, bendi ikapiga, mgeni rasmi akaja. Siku hiyo tanuri lilikuwa linawaka, na siku hiyo Kaanaeli alikufa ndani ya banda, mchana kweupe, muziki ukisikika mpaka pale.

Namsifu aliitwa kutoka darasani. Alichoambiwa ni kidogo: hewa ya mkaa imemchukua. Kwenye mazishi, watu walipokuwa wakirudi kutoka kaburini, Lomayani akampigia magoti mbele ya ukoo mzima.

"Shemeji, mimi ndiye niliyekuwa wa nje. Niliondoka."

"Ulikwenda wapi?"

"Kuitwa jina langu kwenye mahafali. Mama alikuwa amekuja kutoka nyikani, hajawahi kufika mjini. Nikasema nitavishwa kofia na kurudi mbio. Niliporudi nilimwita, hakuitika. Niliingia, nikamtoa. Alikuwa ameshakwenda."

Kweli alimtoa, na kweli yeye mwenyewe alianguka mlangoni, na tangu siku hiyo kichwa humuuma akasahau maneno katikati ya sentensi. Lakini Namsifu hakuyasikia hayo. Alisikia neno moja tu, niliondoka. Akamwambia, "Toka. Nisikuone tena nyumbani kwangu." Kamati ya chuo nayo ikakaa, ikaandika kuwa ni ajali iliyotokana na uzembe wa mtafiti mmoja, na Lomayani akafutwa kwenye kila nafasi. Mwanakombo na Rwezaura walilia kwenye kamati. Wakaulizwa kama wana la kuongeza, wakasema hawana.

Tanuri likapoa. Matanga yakaanuliwa. Mkaa uliokuwa kwenye ndoo za vijiji ukashiba, mmoja baada ya mwingine, na hapakuwa na wa kuubadilisha. Ndoo ya jikoni kwa Namsifu nayo ikashiba. Alijua, kwa sababu mumewe alimfundisha kuhesabu misimu yake. Kuchemsha hakusaidii. Maji ya chupa, mwalimu atanunua mangapi, na darasa zima je? Kila alipomkingia Nakiete kikombe, mkono wake ulisita, kisha akampa, kwa sababu mtoto ana kiu.

Ndipo ikaja habari kutoka ng'ambo. Wafadhili walikuwa wamepokea mkaa wa mifupa kutoka chuoni, wakaupima, wakaona haujatokea mkaa wa namna ile. Wakasema watalipia nafasi ya utafiti, tena itaitwa kwa jina la marehemu, Kiti cha Dokta Kaanaeli, na kwa heshima yake hatakalia kiti hicho mtu ambaye familia haijambariki. Baraka yenyewe si karatasi. Mjane atamke jina mbele ya chuo, basi. Na jina lisipotamkwa kabla mwaka wao wa fedha haujafungwa, pesa zitakwenda kwa watu wengine, nchi nyingine, shida nyingine.

Siku ya mwisho ikafika, na Profesa Shekolowa, mkuu wa idara, akaja kwa Namsifu na suti nyeusi na kilo mbili za sukari. Nyuma yake waliingia Mwanakombo na Rwezaura. Mama yake Kaanaeli alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, ili aweze kuwatazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mwalimu, pole tena na tena," Profesa akaanza. "Sisi chuo tumeshakurahisishia. Tumechuja, yamebaki majina mawili. Wewe utaje moja, tuombe, tunywe chai."

"Na wa tatu yuko wapi?"

"Lomayani? Mwalimu, yule si unamjua?"

"Namjua. Aitwe."

Watu wakashangaa, maana walijua alivyomfukuza. Hata yeye Namsifu alijishangaa. Lakini habari za Lomayani zilikuwa zimemfikia: kwamba anazunguka vijiji vyote kwa miguu, anawaambia watu mkaa wenu umeshiba, msiziamini tena ndoo hizi, na watu wanamtukana, kwamba jana ulituambia tunywe, leo unatuambia tusinywe. Akapigiwa simu. Akaja na vumbi la njia, akakaa karibu na mlango, hakuvuka mkeka.

Namsifu akasema, "Kabla sijataja jina nina swali moja. Nimepeleka chakula kwenye banda lile miaka mingi. Milango yake sikuwahi kuiona imefungwa. Majani yalikuwa yameota chini yake. Na mume wangu amekufa kwa hewa iliyokosa pa kutokea. Milango ilifungwa na nani?"

Profesa aliyekuwa anakoroga chai aliacha kijiko.

"Mimi," akasema Rwezaura.

"Wewe?"

"Mimi, shemeji. Profesa alinipigia simu. Alisema harufu ya mifupa inafika kwenye hema la wageni, mgeni rasmi ameweka leso puani. Akasema nifanye ninavyojua, harufu ipungue. Nikafunga milango, nikaziba madirisha kwa magunia mabichi. Kaanaeli alikuwa ndani anatazama moto. Aliniambia, funga tu, bomba la moshi litatosha."

"Na lilitosha?"

Rwezaura alifunika uso. Alikuwa mtu mkubwa, mabega mapana, na mabega yote yalikuwa yanatikisika. "Bomba lilikuwa na ufa. Niliuona wiki ile. Nikauziba kwa udongo, nikasema mahafali yakipita nitaujenga upya. Niliona haya kusema kwamba tanuri langu limepasuka."

"Mume wangu alijua?"

"Hakujua."

Muda wote ule Namsifu alikuwa amembebesha mtu mmoja maiti ya mumewe, na mtu huyo alikuwa ameibeba bila kumtaja mwenzake. Akamgeukia Lomayani. "Wewe uliporudi uliikuta milango imefungwa. Mbona hukusema?"

"Nilisema langu, shemeji. La mwenzangu niliona ni lake kulisema. Nilingoja."

"Ulingoja, na mimi nikakufukuza."

"Ulikuwa na haki."

Hapo Rwezaura akainua uso, na machozi yake yakawa na ukali. "Milango nilifunga mimi, sikatai. Lakini mbona hamuulizi ni nani aliyewasha? Tulikubaliana wote wanne mahafali yapite ndipo tuwashe. Asubuhi nafika, nakuta moto unawaka, na moto wa mifupa hauzimwi katikati, ukiuzima umepoteza vyote. Nani aliwasha?"

"Niliwasha mimi," akasema Mwanakombo. Hakulia. Alikaa wima na ushungi wake umebana uso. "Siku ya kupeleka mkaa kwa wafadhili ilikuwa inapita. Mngengoja mahafali yenu, tungekosa. Nikawasha alfajiri peke yangu, nikamwomba Kaanaeli akae na moto wakati mimi nafunga vifurushi maabara. Naye hakuninyima. Hakuwa mtu wa kumnyima mtu. Na ngoja nikwambie na lingine, dada Namsifu, kabla hawajakwambia wao. Mlipokuwa mnamwosha, mimi nilirudi bandani. Nikafungua tanuri, nikaitoa mifupa. Ilikuwa imeiva, Wallahi sijawahi kuona imeiva vile. Ndiyo niliyoituma. Ndiyo iliyoleta pesa hizi."

"Ulitoa mifupa," Namsifu akasema polepole, "mume wangu hajapoa."

"Niliitoa. Ningeiacha, angekufa kwa ajili ya nini?"

Wasikilizaji wangu, mnaona palipofikia? Nyumba ndogo, chai inapoa, na watu watatu waliokula sahani moja na marehemu. Mmoja aliwasha. Mmoja alifunga. Mmoja aliondoka. Asingewasha wa kwanza, pasingekuwa na hewa mbaya. Asingefunga wa pili, ingetoka. Asingeondoka wa tatu, mtu angetolewa. Ukimwondoa yeyote katika watatu hao, Kaanaeli yuko nyumbani anakula loshoro.

Na bado kiti kinangoja mtu, na jua linateremka. Namsifu akasema, "Haya. Mmesema mlichofanya. Sasa kila mtu aseme kwa nini akalie kiti cha mume wangu."

Mwanakombo akasema, "Nisingewasha, asingekufa. Lakini nisingewasha, leo tusingekuwa hapa, kiti kisingekuwepo, na jina la Kaanaeli lingeishia kwenye msalaba wa mbao. Kiasi cha moto kinajulikana na mimi peke yangu. Mumeo alikijua, hayupo. Nipe mimi, na kabla ya masika mkaa utakuwa kwenye ndoo. Hunipendi tena, najua, na wala sitaki unipende. Nataka watoto wanywe."

Rwezaura akasema, "Nisingefunga, asingekufa. Lakini nisingejenga, kusingekuwa na mkaa wa kumpa mtu yeyote. Tangu siku ile nimelibomoa tanuri lote, tofali kwa tofali, nimejenga jingine uwanjani, halina kuta, halina mlango, hewa yake inakwenda na upepo. Nimelijenga kwa pesa yangu na hakuna aliyeniagiza. Mwingine akikalia kiti, atachoma upesi, atachoma vizuri, na siku moja atachoma mtu. Mimi peke yangu katika hawa siwezi kulisahau bomba. Kila nikifumba macho naliona."

Wakamtazama Lomayani. Naye akasema, "Nisingeondoka, asingekufa."

"Lakini?" Namsifu akamsaidia.

"Sina lakini, shemeji."

"Basi umekuja kuomba nini?"

"Umeniita, nimekuja." Akashika kichwa, akatafuta neno, likampotea, akalipata. "Ukinipa, nitaifanya. Kuchoma sijui, itabidi nijifunze, na nitachelewesha. Sitakudanganya. Lakini mkaa ukichomwa leo nani ataunywea? Wameshaona tuliwaachia ndoo zilizokufa. Wananitukana, ila mlango wananifungulia. Hawa wenzangu hawafunguliwi."

"Hawezi, Mwalimu!" Profesa akaingilia. "Tuseme ukweli. Mtu anasahau sentensi yake, atakumbuka kipimo cha moto? Na wafadhili wakisikia ndiye aliyeacha zamu?"

Ndipo mama yake Kaanaeli akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Na wewe, baba?"

"Mimi, mama?"

"Wewe wa leso ya mgeni."

Profesa akajikohoza. "Mimi nilisema harufu ipungue, mama. Sikusema mtu afungiwe ndani." Na ni kweli, hakusema. Wakubwa hawasemi funga. Wanasema harufu ipungue, halafu wanarudi kupiga makofi.

Bibi yule akatikisa kichwa. "Namsifu mwanangu, usimpe hata mmoja. Mwanangu si ng'ombe, hatugawani mifupa yake. Pesa zirudi zilikotoka. Nitakufa na mgongo wangu huu, lakini sitamwona aliyemuua mtoto wangu akiitwa kwa jina la mtoto wangu."

"Na watoto, mama?"

"Watoto wamekuwa wakiyanywa maji haya tangu mimi sijazaliwa, na wameishi."

"Ndiyo, mama," Namsifu akasema, ingawa alimpenda mama mkwe wake na alijua neno lile litamuumiza. "Nawe umeishije?"

Bibi aliinama pale kwenye kigoda, na safari hii si maji yaliyomwinamisha.

Namsifu akasimama. Alimwonea uchungu mumewe, akawachukia wale watatu, akawahurumia, akajichukia kwa kuwahurumia, vyote kwa wakati mmoja, na hakuna hata kimoja kilichomsaidia kuchagua. Ukimpa Mwanakombo, mkaa unapatikana upesi, na aliyeiacha maiti akakimbilia mifupa ndiye anayevikwa jina. Ukimpa Rwezaura, hakuna atakayekufa tena tanurini, na aliyeficha ufa kwa haya ndiye anayeheshimiwa. Ukimpa Lomayani, umempa aliyesema kweli, na kweli yake haijui kuchoma mfupa, na meno ya watoto hayamsubiri mtu ajifunze. Usipompa mtu, umemsikia mama wa marehemu, na kesho asubuhi utamkingia mwanao kikombe kwa mkono wako mwenyewe, ukijua kilichomo.

Profesa akatazama saa. Nje Nakiete alikuwa anacheza na watoto wa jirani, akaja mbio mlangoni jasho linamtoka, akasema, "Mama, maji."

Namsifu akamwambia, "Ngoja kidogo." Kisha akawageukia waliokuwamo chumbani, akatamka.

Jina alilolitamka ninalijua. Siwaambii, maana nikiwaambia mtaacha kufikiri na mtaanza kubishana na Namsifu, naye ana mzigo wa kumtosha. Wala msilitafute kwenye machozi, kwa sababu wote watatu walilia, na Bibi naye, na yeye mwenyewe aliyetamka.

Ninyi mko hapa, hamkufiwa, hamna haraka. Aliyewasha moto na kuleta kiti, aliyefunga mlango na kujenga tanuri, aliyeondoka na kusema kweli peke yake, au kiti kikae kitupu na mtoto anywe alichonywa bibi yake. Mtoto amesimama mlangoni ana kiu, na ni wewe unayeulizwa. Je, nani alistahili?